Malezi ya Mchana Kiwangwa: Biashara Ndogo Kando ya Fedha za Umma

Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana huuza vitu viwili kwa ada moja. Cha kwanza ni saa: mzazi anamwacha mtoto asubuhi, anakwenda kutafuta riziki, na akirudi anamkuta salama. Cha pili ni elimu: mtoto anajifunza nyimbo, kuhesabu, kushika penseli na kukaa na wenzake kabla hajaingia darasa la kwanza. Serikali ya Tanzania hugharimia sehemu ya hicho cha pili, kupitia darasa la awali lililo ndani ya shule ya msingi ya umma. Saa hazina mfuko wa umma unaozilipia. Kituo cha mtu binafsi, cha kanisa au cha msikiti kinachouza vyote viwili huishi kwa fedha ya mzazi, na uwezo wa mzazi huyo hupanda na kushuka kwa majira. Kata ya Kiwangwa, kaskazini mwa Dar es Salaam, inaonyesha vizuri jinsi biashara hii inavyoendeshwa na mahali inapokwama.

Kiwangwa imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Chalinze, iliyomegwa kutoka Bagamoyo, mkoani Pwani. Inapitiwa na barabara ya lami ya kilomita 64 inayotoka Bagamoyo kupitia Makofia hadi Msata, inakokutana na barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera. Jina lake linafahamika katika masoko ya Dar es Salaam kwa sababu ya nanasi. Nanasi ni zao la mikono. Machipukizi hupandwa moja moja, palizi hufanyika katikati ya majani magumu yenye ncha, na matunda hukatwa na kubebwa hadi gari linapoweza kufika. Mwenye shamba hutegemea familia yake na vibarua, na kibarua hulipwa kwa siku au kwa kipande cha kazi aliyoimaliza. Pembeni ya shamba kuna uchumi mwingine unaolishwa na barabara: wauza matunda, mama lishe, bodaboda, wenye maduka na mafundi. Nyuma yao wako watumishi wa umma, yaani walimu, wauguzi na maofisa ugani, ambao ni wateja wa thamani kwa kituo chochote cha watoto kwa sababu mshahara wao huingia kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe.

Kwa mama anayepalilia nanasi, mtoto wa miaka mitatu ni hesabu ya kila asubuhi. Akimbeba, kazi inapungua na kipande hakiishi. Akimwacha kwa bibi, halipi fedha, lakini bibi naye ana shamba lake na mwili wake umechoka. Akimwachia dada mkubwa, dada huyo anakosa shule. Akimwachia jirani, atarudisha fadhila kwa namna nyingine. Kituo ndiyo njia pekee kati ya hizo inayodai fedha taslimu. Kwa hiyo mshindani mkuu wa kituo cha watoto kijijini ni bibi, wala si kituo cha mtaa wa pili, na bei ya bibi ni sifuri. Anayefungua kituo Kiwangwa kwa kuangalia tu idadi ya watoto walioko kijijini atashangaa jinsi wateja walivyo wachache, hasa miezi ambayo matunda hayajakomaa.

Huduma hii haikuanza kama biashara. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, vijiji vya ujamaa vilihimizwa kuwa na vituo vya watoto ili akina mama washiriki katika shamba la pamoja, na Umoja wa Wanawake wa Tanzania ulikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Mlezi alilipwa na kijiji au hakulipwa kabisa, chakula kilitoka katika michango, na jengo lilikuwa la wote. Katika miaka ya 1980, mradi wa lishe uliofanyika mkoani Iringa kwa msaada wa UNICEF ulitumia vituo vya vijiji vya kulishia watoto kama silaha dhidi ya utapiamlo, na kwa kipindi kile ilikuwa sahihi kuviona kama sehemu ya huduma ya afya. Mwaka 1981 Bunge lilitunga Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Wadogo Mchana, iliyoweka masharti ya usajili na ukaguzi. Sheria hiyo ilifuatwa na muongo mgumu. Vijiji viliishiwa, mashamba ya pamoja yakafifia, na vituo vingi vilivyokuwa vikitegemea mfuko wa kijiji vikafungwa. Pengo likazibwa na parokia, misikiti, masista, mashirika, na watu binafsi waliokuwa na chumba cha ziada na moyo wa kujaribu.

Serikali ilirudi kwa mlango wa elimu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kwa watoto wa miaka mitano na sita, na ikaelekeza kila shule ya msingi iwe na darasa la awali. Sera ya mwaka 2014 ikaifanya elimu hiyo kuwa ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja. Kisha ukaja Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada na michango ya lazima katika elimumsingi kuanzia Januari 2016. Matokeo yake yalikuwa ya ghafla: watoto walioandikishwa awali nchini, ambao walikuwa takriban milioni 1.07 mwaka 2015, walipita milioni 1.5 mwaka uliofuata. Walimu na madarasa hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Kiwango kinachotakiwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, lakini katika shule nyingi za umma za Tanzania Bara darasa la awali limekuwa na watoto zaidi ya mia. Toleo la mwaka 2023 la sera hiyo, ambalo Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua rasmi Februari 2025, limebakiza mwaka mmoja wa awali na kumtaka mtoto aanze darasa la kwanza akiwa na miaka sita. Kwa hiyo awali ya umma ni ya mtoto wa miaka mitano. Aliye chini ya hapo hana nafasi kwenye daftari la shule.

Mtoto huyo mdogo yuko chini ya mamlaka nyingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilifuta ile ya 1981 na kuyachukua masuala ya vituo vya mchana, na anayeshughulika navyo katika halmashauri ni afisa ustawi wa jamii, si afisa elimu. Tangu mwaka 2022 wizara yenye dhamana ya sera ni ile ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Mitaala ya awali hutungwa na Taasisi ya Elimu Tanzania chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, na shule zenyewe huendeshwa chini ya TAMISEMI, ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Mwenye kituo chenye watoto wa miaka mitatu hadi mitano, jambo la kawaida kabisa, anajikuta na faili mbili, wakaguzi wa aina mbili na masharti ya majengo yasiyofanana. Wengi huchagua njia fupi. Husajili kituo cha malezi tu na kufundisha awali humo humo, au huanza kazi kwanza na kushughulikia usajili baadaye, mradi mtendaji wa kijiji ana habari.

Katika ngazi ya kitaifa, jaribio la kuunganisha vipande hivi ni Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayofahamika kwa kifupi chake cha PJT-MMMAM. Ilizinduliwa Dodoma Desemba 2021 ikilenga miaka ya fedha ya 2021/22 hadi 2025/26, kwa ajili ya mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Inahusu afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Ni hati nzuri, na imewafanya maofisa wa idara tofauti wakae meza moja. Lakini programu si bajeti. Haikuanzisha ruzuku ya kumfuata mtoto hadi kwenye kituo cha mtu binafsi.

Hesabu ya kituo ni rahisi kuiandika na ngumu kuisawazisha. Chukulia kituo chenye watoto 40, ada shilingi 15,000 kwa mwezi, na wazazi wote wamelipa. Mapato ni shilingi 600,000. Watoto 40 wanahitaji walezi wawili kwa uchache, na kima cha chini cha mshahara katika shule binafsi kwa amri iliyoanza kutumika Januari 2023 kilikuwa zaidi ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Walezi wawili wakilipwa kihalali, zaidi ya shilingi 400,000 zimekwenda. Uji wa watoto 40 kwa siku 22 za kazi ni vikombe 880. Kikombe kikigharimu shilingi 150 kwa unga, sukari, karanga na mkaa, shilingi 132,000 nyingine zimekwenda. Kinachobaki hakifiki 70,000, na hapo bado kodi ya chumba, maji, sabuni, dawa ya choo, chaki na mikeka. Sasa punguza wazazi kumi walioshindwa kulipa kwa sababu mnunuzi wa nanasi hajaja. Shilingi 150,000 zimetoweka na kituo kinajiendesha kwa hasara.

Wenye vituo hutoka katika kabari hiyo kwa njia zinazojulikana. Mlezi hulipwa posho badala ya mshahara, na mara nyingi ni binti aliyemaliza kidato cha nne anayengojea jambo jingine. Watoto huongezwa hadi chumba kinajaa. Uji unakuwa mwepesi. Ada hukusanywa kwa siku au kwa wiki, sarafu kwa sarafu au kwa simu, kwa kuwa mzazi anayelipwa kwa siku hawezi kuweka akiba ya mwezi. Wengine huhamia kwenye soko la juu: hununua sare, huandika ukutani kwa Kiingereza, na mwisho wa mwaka hufanya mahafali yenye majoho madogo na mpiga picha. Mahafali hayo huchekwa na wataalamu wa elimu, lakini kibiashara yana maana. Mzazi hana namna ya kupima ujifunzaji wa mtoto wa miaka minne, ila joho analiona, na jirani yake pia analiona.

Ndani ya hesabu hii kuna jambo ambalo mjadala wa elimu bila ada huliruka. Watoto katika kituo hawana gharama sawa. Mtoto wa miaka miwili anahitaji kubebwa, kubadilishwa nguo na kulishwa. Mlezi mmoja hawezi kumudu wengi wa umri huo. Wa miaka mitano anajihudumia, anakaa darasani, na mlezi mmoja anaweza kuwafundisha ishirini na zaidi. Ada ikiwa moja kwa wote, mkubwa humfidia mdogo. Shule ya umma inapomchukua mtoto wa miaka mitano bila ada, kituo hupoteza mteja aliyekuwa na faida na kubaki na wenye gharama. Matokeo yake ni ada kupanda kwa watoto wadogo, au kituo kuacha kuwapokea. Wenye vituo vya Marekani waliliona hilo pale miji na majimbo yalipoanza kuwachukua watoto wa miaka minne katika shule za umma, na ndiyo sababu mojawapo iliyofanya baadhi ya miji, New York ikiwamo kuanzia mwaka 2014, kupeleka sehemu kubwa ya fedha za awali kwenye vituo binafsi na vya jumuiya badala ya kuzielekeza zote shuleni. Kenya ilipata somo hilo kwa upande mwingine: elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003 huku shule za awali zikiendelea kutoza, wazazi wengi waliwaondoa watoto awali na kungojea darasa la kwanza lisilolipiwa.

Darasa la awali la umma lenyewe halimpi mama wa Kiwangwa kile anachokihitaji zaidi. Linaisha kabla ya mchana, ilhali kibarua kinaisha jioni. Shule inaweza kuwa mbali na kitongoji, na mtoto wa miaka mitano hawezi kutumwa peke yake kandokando ya barabara ya lami yenye malori. Serikali imejaribu kupunguza umbali kwa vituo shikizi, yaani madarasa machache ya shule mama yaliyojengwa vitongojini. Kati ya madarasa 15,000 yaliyojengwa nchini kwa mkopo wa UVIKO-19 mwaka 2021 na 2022, 3,000 yalikuwa ya vituo shikizi. Hayo yamesaidia sana upande wa elimu. Upande wa saa haujaguswa. Hata uji wa shuleni unategemea makubaliano ya wazazi, kwa kuwa ruzuku ya uendeshaji, ambayo kwa shule ya msingi imekuwa ikihesabiwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka na sehemu yake kubaki kitaifa kwa ajili ya vitabu, haitoshi kulisha mtu.

Hata hivyo si kweli kwamba mtoto mdogo wa Kiwangwa hajawahi kuguswa na fedha ya umma. Anachanjwa bure na kupimwa uzito kliniki. Kama amezaliwa katika kaya maskini, huenda kaya yake inapokea ruzuku ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Bagamoyo, Kiwangwa ikiwa ndani yake wakati huo, ilikuwa moja ya wilaya tatu zilizofanyiwa majaribio ya ruzuku hiyo kuanzia mwaka 2010, pamoja na Kibaha na Chamwino, kabla Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini haujaenea nchi nzima. Masharti ya majaribio yale yanaeleza mengi. Mtoto aliye chini ya miaka mitano alitakiwa kuhudhuria kliniki. Wa miaka saba hadi kumi na tano alitakiwa kuhudhuria shule kwa asilimia 80. Umri wa kati ulibaki wazi. Fedha iliingia mkononi mwa mama, na mama angeweza kuitumia kulipia kituo, lakini hakuna sharti lililomwelekeza huko wala kituo kilichohesabiwa kuwa mahali pa kutimizia sharti.

Inafaa kuuliza kama Tanzania inajua kupitisha fedha za umma katika taasisi isiyo ya umma. Inajua, na imefanya hivyo kwa miaka mingi katika afya. Hospitali teule za wilaya ni za makanisa, lakini serikali hulipa mishahara ya watumishi na kutoa ruzuku ya dawa kwa mkataba, nazo hutoa huduma kama hospitali ya wilaya. Muheza, mkoani Tanga, hospitali ya namna hiyo ilikaa na neno hilo hadi watu wakaiita Teule tu. Mwaka 1992 serikali na makanisa walitia saini makubaliano yaliyoweka misingi ya ushirikiano huo katika afya na elimu, lakini elimu ya awali haikufuata nyayo za afya. Njia ya pili ilikuwa hati punguzo, iliyoanza mwaka 2004 na kudumu takriban miaka kumi. Mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda duka la kawaida, akaongeza kiasi kidogo cha fedha na kupata chandarua. Muuzaji akarudishiwa thamani ya hati. Njia ya tatu wakulima wanaifahamu vizuri: tangu msimu wa 2022/23 mbolea ya ruzuku hununuliwa kwa wakala binafsi na mkulima aliyesajiliwa kidijiti, na serikali hulipa tofauti ya bei.

Kila moja ya njia hizo ina tabia yake ikipelekwa kwenye malezi. Mfano wa hospitali teule, yaani kumlipa mlezi mshahara kutoka hazina, ungefaa vituo vya masista na vya misikiti vyenye uongozi imara na majengo ya kudumu; ungeviacha nje vituo vya chumba kimoja, ambavyo ndivyo vilivyo karibu na mashamba. Hati ya mzazi ingefika hadi vituo vidogo, kwa kuwa fedha inamfuata mtoto, lakini karatasi au namba inayogeuka fedha huvutia wajanja, na mtoto wa miaka mitatu hawezi kujieleza kwamba hakuhudhuria. Ruzuku ya kaya kwa mtindo wa TASAF ndiyo nyepesi kuitekeleza, kwa sababu daftari tayari lipo, ila haiongezi ubora wa kituo hata kidogo.

Afrika Kusini imechagua kumlipa mtoa huduma kwa kichwa cha mtoto kwa siku. Kituo kilichosajiliwa, kiwe cha jumuiya au cha mtu binafsi katika eneo maskini, hupata ruzuku kwa kila mtoto anayestahili. Ilibaki randi 17 kwa siku tangu mwaka 2019 hadi ilipopandishwa kuwa 24 mwaka 2025. Aprili 2022 jukumu lote lilihamishwa kutoka idara ya ustawi wa jamii kwenda idara ya elimu ya msingi. Kasoro kubwa imejitokeza katika usajili. Masharti ya majengo yalikuwa magumu kiasi kwamba vituo vya maeneo maskini, vilivyokuwa na watoto ambao ruzuku iliwalenga, vilishindwa kusajiliwa na hivyo kukosa fedha. Serikali ikalazimika kulegeza masharti na kuendesha kampeni ya usajili wa pamoja. Uingereza hulipa kwa saa: tangu Septemba 2017 mtoto wa miaka mitatu au minne wa wazazi wanaofanya kazi amekuwa akilipiwa saa 30 kwa wiki katika majuma 38 ya mwaka, na mwaka 2025 haki hiyo ilishushwa hadi mtoto wa miezi tisa. Vituo vingi vinavyopokea fedha hizo ni vya binafsi, na malalamiko yao ya kudumu ni kwamba kiwango cha serikali hakifikii gharama halisi, hivyo tofauti huhamishiwa kwa mzazi katika chakula na saa za ziada.

Karibu zaidi na Kiwangwa, Waswahili wa pwani wana uzoefu wao. Mpango wa shule za awali za madrasa ulianzia Mombasa katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said akiwa mwalimu wake wa mwanzo, kwa ufadhili wa Aga Khan Foundation. Ukavuka kwenda Zanzibar mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993. Shule zilikuwa mali ya jumuiya, mtaala ulichanganya mafunzo ya dini na michezo ya kujifunza, na vifaa vilitengenezwa kwa vifuu, vitambaa na makopo. Kwa mchambuzi wa uchumi, kinachovutia zaidi ni namna walivyolikabili tatizo la mishahara: jumuiya iliyofikia viwango iliwekewa mfuko mdogo wa akiba, michango yake ikiongezewa na ya wafadhili, ili faida ya mfuko isaidie kumlipa mwalimu. Mifuko ile haikuwa mikubwa kiasi cha kuondoa ada, lakini ilitambua kwamba shida ya shule ya awali ya kijijini ni gharama inayorudi kila mwezi, wakati wafadhili wengi walipenda kujenga. Zanzibar, yenye skuli za maandalizi nyingi za binafsi na za jumuiya, iliiweka elimu hiyo ndani ya elimu ya lazima kwa sera ya mwaka 2006 na ikaongeza vituo vya jumuiya vya Tucheze Tujifunze vilivyofundishwa kwa msaada wa vipindi vya redio. Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, ilizipa kaunti jukumu la elimu ya awali na vituo vya malezi, na kaunti zikaajiri walimu wa madarasa yao zenyewe. Fedha hizo kwa sehemu kubwa zimekwenda kwenye shule za umma. Uganda iliiachia sekta binafsi elimu ya awali karibu yote, na mtoto asiye na ada hubaki nyumbani.

Kwa Kiwangwa, mpangilio unaoelekea kufaa ni ruzuku ya mtoto kwa siku kwa watoto wa miaka mitatu na minne, inayolipwa kwa kituo, pamoja na saa za mchana kwa mwanafunzi wa awali baada ya shule kufungwa. Watoto wa miaka mitano wabaki shuleni asubuhi. Si busara kulipia mara mbili somo lile lile. Usajili uwe wa ngazi, ili kituo cha chumba kimoja chenye choo safi, maji na mlezi aliyepata mafunzo mafupi kianze kupokea sehemu ya ruzuku kabla hakijafikia masharti yote, na kukaguliwa na afisa mmoja badala ya wawili. Mahudhurio yahesabiwe na mtu wa kijiji asiyekula ada, mathalani mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye tayari anazifahamu nyumba zenye watoto. Gharama ya mpango wa namna hii iko karibu yote kwenye uji na mshahara wa mlezi, na hizo ni gharama ambazo bajeti za maendeleo, zilizozoea saruji na mabati, hazina kasma kwa ajili yake.

Fedha ya umma ambayo leo inaweza kuingia kihalali katika kituo binafsi cha watoto ni mkopo. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 ili kurekebisha usimamizi, na ukarejeshwa mwaka uliofuata. Ushuru wa mazao ni sehemu ya mapato hayo, kwa hiyo nanasi linalopakiwa Kiwangwa lina mchango wake humo. Kikundi cha wanawake kinaweza kuomba, kikajenga banda, kikanunua magodoro, vikombe na tangi la maji. Marejesho huanza mara baada ya kipindi kifupi cha neema na hutoka katika ada ile ile ya mama mwenye kibarua, kwa hiyo vikundi vinavyokopa kwa ajili ya malezi huweka ada juu kidogo ya jirani zao, na hupokea kwanza watoto wa wazazi wenye mshahara.